Jumamosi Watoto Wenu Watachezwa

Mwalimu Theonest alikuwa mtu wa kauli. Si kauli za kuropoka, la. Kauli za vitenzi: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendeshwa. Darasani kwake, pale shule ya serikali ya Mtoni aliyokuwa mkuu wake, mtoto akija analia kwamba ameumwa na mbwa, kwanza ataulizwa "ameumwa" ni kauli gani, pole itafuata. Kwao ni Kamachumu, Bukoba, na Kiswahili alikipata chuo cha ualimu kikiwa kimepigwa pasi. Sie wa Mtoni chetu tulizaliwa nacho, kimekunjamana, na kila alipotusikia tukikitumia alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali.

Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya, na fimbo aliishika kwa ajili ya kuonyeshea ubaoni tu. Lakini mwaka huo wa hamsini na nne alikuwa na jambo moja linamla, na hakumwambia mtu. Binti yake Yuliana, mtoto wa miaka minane, hakuwa na mtu wa kucheza naye.

Mama mtu alifariki huko huko kwao, na mwalimu akaomba uhamisho, akidhani mji mpya utamchangamsha mtoto. Walifika Mtoni na sanduku la bati na mkungu wa ndizi ulioivia ndani ya treni. Watoto mtaani walikuwa tele, na kiongozi wa wasichana alikuwa Zuena, binti wa Bi. Hamisa muuza vitumbua. Kila jioni walicheza mdako ubavuni mwa nyumba ya akina Zuena: kishimo, kokoto za kutosha, mmoja anarusha ndimu juu na kukomba kokoto kabla ndimu haijarudi. Yuliana alikwenda akasimama. Hakufukuzwa, ila hakuna aliyemsogelea wala kumwachia nafasi. Siku moja akajitia moyo, akaomba naye arushe, na kwa ile haraka Kihaya kikatangulia mbele. Akasema baba yake amemruhusu kwa sababu ameshasoma ekitabu. Basi. Walicheka mpaka ndimu ikapotea. Toka siku ile jina lake likawa Ekitabu, na hakwenda tena.

Jioni, mwalimu akisahihisha madaftari, alimsikia barazani akimsuka mwanasesere wake wa gunzi na kumsimulia habari kwa Kihaya. Zilikuwa habari ndefu, zenye maswali, na maswali yenyewe akayajibu mwenyewe. Mwalimu, na maneno yake yote yale, hakujua atoke akaseme nini. Alibaki kusahihisha daftari lile lile mara ya pili.

Ndipo likaja suala la bembea.

Huko mjini wake wa Wazungu walikuwa wameanzisha chama, wakakiita Chama cha Michezo ya Watoto. Mkubwa wao alikuwa Bibi Pemberton, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kofia pana, ambaye watu walifupisha wakamwita Bibi Pembe. Aliwaita walimu wakuu akawaeleza, kwa Kiswahili chake alichokisoma kitabuni, kwamba chama kina bembea nne na ubao mmoja wa kuserereka, na vyote vitajengwa mahali pamoja. Ama Kinondoni, ama Mtoni. Watoto wa Mtoni, alisema, wanacheza katika barabara ya Kilwa na kuyakimbilia malori, na jambo hilo halifai. Chama kinataka watoto wachezeshwe na mtu mzima, mwenye filimbi, mahali salama. Tena chama kitasaidia pale tu ambapo walimu, wanafunzi na wazazi wanasaidia. Jumamosi moja angekwenda Kinondoni kuangalia, na iliyofuata angekuja Mtoni.

Walimu wengine waliandika. Mwalimu Theonest hakuandika kitu. Alikuwa akiona bembea nne, na katika bembea hizo watoto wa kila namna wakipokezana kusukumana, maana bembea ina kawaida hiyo, haiendi vizuri bila mtu wa kukusukuma.

Aliporudi hakupoteza muda. Shule moja haitoshi, alijiambia. Mwanamke yule ataka kuona shule zote. Akaenda kwanza shule ya misheni, kwa Mwalimu Avelina, mwanamke wa bara, kwao Kilema, aliyefundisha darasa la pili na kushona mashuka ya altare.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, mwalimu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kwa ajili ya michezo."

Avelina alimtazama vizuri. Hakuwahi kumsikia mtu yule akilitaja neno michezo. Lakini alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali watoto wake washone mipira ya matambara, na akaahidi kwamba Padri atatangaza Jumapili.

Kisha akaenda chuoni, kwa Maalim Mwinjuma, mwenyeji wa hapo hapo tangu mababu, aliyefundisha Kurani kwenye ukumbi wa nyumba yake. Maalim alimkaribisha mkekani, akamsikiliza huku akizungusha tasbihi.

"Kwa hiyo Wazungu wanataka watoto wafundishwe kucheza," alisema.

"Wachezeshwe, Maalim."

"Hawa wangu mie nawapiga kila siku waache."

Mwalimu akaeleza upya, kwa utaratibu, akianza na malori. Maalim akatafakari. Mjukuu wake mwenyewe alikoswakoswa na lori mwezi wa nyuma. Akasema vijana wa chuo watasokota kamba za makumbi, za kuruka na za kuvutana, na wazazi angewaambia mwenyewe msikitini. Ila yeye wiki hiyo yuko Kisiju kwenye arobaini ya shemeji yake, atarudi Jumamosi yenyewe asubuhi. Kumbuka hilo, maana angekuwapo, haya yote yasingetokea na mie nisingekuwa na la kusimulia.

Wiki ile shule tatu ambazo hata salamu zilikuwa hazipeani zilikuwa kitu kimoja. Darasa la nne la serikali lilikwenda kung'oa mbigili uwanjani. Wa misheni walishona mipira, mingine ikatoka duara, mingine ikatoka kama viazi. Wa chuo walisokota kamba mpaka viganja vikawa vyekundu. Habari zikaja kwamba Kinondoni wamepanga watoto mistari kwa urefu, wote sare nyeupe, wakainua mikono pamoja na kuishusha pamoja, na Bibi Pembe akapiga makofi. Mwalimu Theonest usiku ule hakula. Akaona linalobaki ni wazazi. Wazazi wakijaa uwanjani, Kinondoni wameshindwa, maana kule wazazi walikuja wachache, tena wamesimama nje ya ua.

Ikatakiwa bango.

Alikuwa na kipande cha amerikani kilichobaki kwenye mapazia ya ofisi, na rangi ya buluu ya kufulia. Alitaka herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Avelina alishika ncha moja ya kitambaa, yeye akiandika. JUMAMOSI ikakaa vizuri. WATOTO WENU ikakaa. Alipofika kwenye WATACHEZESHWA akapima kwa macho, akaona halitaingia, kitambaa kinakwisha.

"Si uandike 'watacheza' tu," alisema Avelina.

"Kucheza wanacheza kila siku, tena barabarani. Hiyo ni kauli ya kutenda. Sisi tunataka wafanyiwe. Pawe na mtu mzima anayewafanyia."

"Basi andika herufi ndogo."

Herufi ndogo hakutaka. Alisimama na brashi akanyambua kitenzi kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akaitoa E, akaitoa S, akaitoa H, akabaki na neno fupi, safi, lililo katika kauli ya kutendwa na lililoingia kwenye kitambaa kama limepimiwa. Avelina, mtu wa Kilema, hakuona kasoro. Yule wa Kamachumu na huyu wa Kilema wakarudi nyuma hatua chache wakalisoma pamoja, wakaridhika:

JUMAMOSI WATOTO WENU WATACHEZWA. WAZAZI NJOONI.

Likafungwa kati ya mikorosho miwili mbele ya shule, siku ya Jumatano.

Sasa, kwa asiyetujua. Pwani yetu hii msichana akishakuwa mkubwa huwekwa ndani, akafundwa na kungwi mambo ya heshima na ya utu uzima, na siku ya kutolewa nje hupigiwa ngoma. Mwenyewe hukaa mkekani kafunikwa kanga, kainamisha kichwa, hasemi, na wanawake wakacheza kumzunguka. Ndipo watu husema mtoto wa fulani amechezwa. Ni neno la heshima, lina wakati wake na lina wenyewe. Haliandikwi kwa buluu ya kufulia likatundikwa barabara ya Kilwa.

Bi. Hamisa alipita na sinia lake la vitumbua, akaona watu wamesimama. Yeye herufi za Kiarabu alizijua, hizi za Kizungu hazikumhusu. Akamwambia bintiye asome. Zuena akasoma kwa sauti, bila kukwama, maana mwalimu alikuwa amemfundisha vizuri.

"Soma tena," alisema Bi. Hamisa.

Zuena akasoma tena. Bi. Hamisa akatua sinia chini.

"Watoto gani?"

"Hajasema. Wetu wote, nadhani."

"Na wa kiume?"

"Watoto wenu, kaandika. Sie sote."

Kabla ya magharibi Mtoni nzima ilikuwa inalo. Wengine walisema serikali imetoa amri. Wengine wakasema ni Bibi Pembe, keshaona huko kwao hawana kungwi, amekuja kuiba wetu. Mama mmoja mwenye wavulana watupu aliuliza kama nao wapelekwe. Jambo lililowachoma zaidi ni filimbi. Ilikuwa imejulikana kwamba mwalimu mwenyewe ndiye atakayewacheza, mwanaume, wa kuja, hana hata mke nyumbani, amesimama na filimbi.

Alhamisi wasichana hawakuja shule. Ijumaa pia. Mwalimu Theonest aliingia darasani akakuta upande wa kushoto ni madawati na Yuliana. Akahisi ni surua, akamtumia dresa wa zahanati ujumbe. Jioni akamuuliza mwanawe kama amesikia wenzake wana nini.

"Mimi hawaniambiagi kitu, baba," alisema Yuliana, akaendelea kumfunga gunzi kilemba.

Jumamosi mwalimu aliamka mapema, akanyoa, akavaa kaptula nyeupe iliyokazwa kwa wanga na soksi ndefu. Uwanjani kamba zilikuwa zimekunjwa vizuri, mipira imepangwa, ya duara mbele, ile ya viazi nyuma. Wavulana wa shule tatu walikuwapo. Wasichana hakuna, wazazi hakuna. Avelina alitazama saa yake ya shingoni, akasema wataanza kufika. Alisema hivyo mara kadhaa.

Kisha ngoma zikasikika kutoka upande wa bondeni.

Mwalimu alichangamka. Wanawake walikuwa wanakuja, si kumi, si ishirini. Kanga zilijaa njia yote, na katikati yao watoto wa kike wameshikwa mikono barabara. Mbele kabisa alitembea Bi. Mwanabaraka, kungwi mkuu, mama aliyewatoa ndani wasichana wa Mtoni hadi Mbagala, na mama zao, na baadhi ya bibi zao. Nyuma yake zilibebwa ngoma tatu, zimeshaoteshwa moto, ngozi imekaza. Na nyuma ya ngoma walikuja wanawake wenye michi. Ngoma zilikuwa za kazi, endapo kazi yenyewe ni amri ya serikali. Ikiwa hivyo, ingefanywa na wenyewe, makungwi. Michi ilikuwa ya mwalimu.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu, mikono mbele. "Karibuni sana. Mmefanya vema kuleta ngoma, hilo sisi hatukulifikiria."

Marahaba hakuipata.

"Yuko wapi anayewacheza watoto?" aliuliza Bi. Mwanabaraka.

"Ni mimi, mama," alisema mwalimu, na kwa fahari kidogo akaishika filimbi yake.

Mchi mmoja ulihama bega. Hapo ndipo Maalim Mwinjuma alipotokea, vumbi la Kisiju bado miguuni, akakisoma kile kitambaa cha amerikani kwa mara ya kwanza. Alikisoma akaondoa kofia, akajifuta kipara, akairudisha. Akamvuta mwalimu kando akamweleza sikioni. Maelezo yalikuwa mafupi. Watu waliokuwa karibu waliona masikio ya mwalimu yakibadilika rangi, na kwa mtu mweusi kama yule si jambo la kuonekana kirahisi.

Mtu mwingine angeomba radhi akanyamaza. Mwalimu Theonest alisimama mbele ya wanawake wa Mtoni akaanza kuwaeleza kwamba kitenzi "cheza" kikiingia kauli ya kutendesha huwa "chezesha", na kwamba katika kauli ya kutendwa, kwa sababu ya uchache wa kitambaa—

"Kauli ya nani?" aliuliza Bi. Mwanabaraka.

"Ya kutendwa, mama."

"Na sie tumetendwa," alisema. "Tumeacha vyungu mekoni. Tumefungia watoto ndani siku mbili. Mie nimevunja miadi ya watu Mbagala. Kumbe ni kuruka kamba." Akawageukia wenzake. "Haya, kila mtu amchukue wake. Nyumbani."

Wakageuka. Kanga zikaanza kurudi kule zilikotoka, watoto wa kike wakivutwa, na Zuena akitupia jicho la mwisho kwenye mipira. Mbali, upande wa mjini, vumbi la gari lilikuwa limeshaonekana. Mwalimu aliliona. Aliona na uwanja unavyobaki: wavulana, mikorosho na Yuliana amesimama peke yake kando ya kamba, kavaa gauni la Jumapili, nywele kajisuka mwenyewe, mstari umekwenda upande.

"Mwanangu hana wa kucheza naye," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, wala hakulipanga. Lilimtoka tu. Wa nyuma walisimama, wa mbele wakasimama kwa sababu wa nyuma wamesimama.

"Mama yake amefariki. Anaongea na gunzi," alisema mwalimu. "Mimi kusoma nimemfundisha, na Kiingereza nimemfundisha, lakini kucheza siwezi kumfundisha, wala sijui kunafundishwaje. Nilidhani zikija bembea watoto watampokea. Hilo tu, mama zangu. Mengine yote niliyowaambia ni maneno." Akainama akaanza kukusanya kamba, ingawa hakuna aliyemwambia akusanye, na machozi yalimlengalenga asijue ayafiche wapi.

Bi. Hamisa alimtazama bintiye. Zuena akatazama miguu yake.

Bi. Mwanabaraka alirudi polepole mpaka mbele ya mwalimu. Alimkagua kuanzia soksi.

"Shikamoo yako nimeiona," alisema. "Marahaba. Sasa nisikilize. Kosa umelifanya na adabu tutakutia. Hizi ngoma nimezitoa ndani kwa jina la kumcheza mtu, na zimeshaota moto. Nikizirudisha bila mtu kuchezwa, ni nuksi, na nuksi yenyewe itanikalia mie. Watoto hawa wakati wao haujafika. Kwa hiyo mtu wa kuchezwa sinaye."

"Naelewa, mama."

"Huelewi. Wahaya nyie si watani zetu, au siyo, Maalim?"

"Sijapata kusikia," alisema Maalim Mwinjuma, ambaye alikuwa ameshaelewa na ameanza kurudi nyuma.

"Basi utani nimeufungua leo. Hamisa, lete mkeka. Ya ndani hatuyagusi, hayo si ya mwanaume wala si ya uwanjani. Tutampigia ya nje tu, ya kutolea. Mwalimu, vua viatu."

Mwalimu Theonest alitazama vumbi la gari. Alimtazama Avelina, akakuta Avelina anatazama mbinguni. Akavua viatu. Akaketi mkekani na kaptula yake ya wanga, miguu ameinyoosha kama alivyoelekezwa, soksi ndefu mpaka magotini, na Bi. Hamisa akamfunika kanga mbili kuanzia kichwani. Akaambiwa asiseme, asicheke, asiinue uso. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Mtoni, alitii bila kusahihisha.

Ngoma zikalia. Aliyeziona siku ile mpaka leo anakuonyesha pale mkeka ulipokuwa. Wanawake walimzunguka wakitikisa mabega, michi ikawa ya kugongea mdundo, na Bi. Mwanabaraka akatunga palepale: mwali wetu ana ndevu, mwali wetu ana filimbi, kaandika bango kubwa, kajiandika mwenyewe. Wenzake wakaitikia. Wavulana walianguka chini kwa kucheka, Maalim akajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Wale wasichana waliofungiwa siku mbili waliachiwa mikono, maana mama zao mikono waliitaka kwa ajili ya kupiga makofi.

Katikati ya hayo gari likasimama. Bibi Pembe akashuka na kofia yake. Alichokikuta ni wanawake wasio na idadi, watoto wa shule tatu wametawanyika na mipira na kamba, ngoma tatu, na katikati mtu kafunikwa kanga, soksi za kiume zimechungulia. Alisogea mpaka kwa Bi. Hamisa.

"Yule ni nani?" aliuliza.

"Mwalimu mkuu, mama."

"Anafanya nini?"

"Anachezwa," alisema Bi. Hamisa, asiyeona sababu ya kumdanganya mgeni.

Sikio la Bibi Pembe halikuwa la pwani. Silabi ya mwisho ilimpita.

"Anacheza," alisema, na macho yakamlowa. "Mwalimu mkuu anacheza." Akamwambia Avelina, kwa Kiingereza, kwamba ametembelea shule nyingi na katika shule zote walimu humwonyesha watoto wakicheza, na wenyewe wamesimama kando na filimbi, hajawahi kuona mwalimu mkuu aliyekubali kukaa chini, katikati ya wazazi, yeye mwenyewe kwanza. Kule Kinondoni, alisema, ilikuwa kama gwaride. Avelina alijibu kwamba ndiyo, mwalimu wao anajitolea sana. Jumatatu mafundi wa bembea watakuja Mtoni, alisema Bibi Pembe, kisha akaomba aruhusiwe kutikisa mabega kidogo, akaruhusiwa, akatikisa. Bi. Mwanabaraka baadaye alisema ameona vibaya zaidi ya hivyo.

Haya yote mwalimu hakuyaona. Ndani ya kanga palikuwa na joto na harufu ya vitumbua. Aliyasikia tu, vipande vipande, neno bembea likipita, neno Jumatatu, na gari likiondoka. Alitakiwa afurahi, na alijaribu, lakini jasho lilimtiririka hadi ndani ya kola na kichwani mlikuwa na jambo moja tu. Hakujua Yuliana yuko wapi. Alimwacha amesimama kando ya kamba, na sasa mtoto alikuwa ameona baba yake akivuliwa viatu na kufanywa kichekesho cha mji. Alijiambia amemharibia kabisa. Jina la Ekitabu lilikuwa afadhali.

Ndipo upepo ukampata. Mtu alikuwa anampepea kwa ukuti, upande wa kulia.

"Si hivyo, utamchoma macho," ilisema sauti ya Zuena. "Mpepee kwa chini. Wewe ndo ndugu wa mwali, kazi yako hiyo. Hujui?"

"Sijui," ilisema sauti ya Yuliana.

"Lete nikuonyeshe. Basi pokezana na Mariamu huyu, halafu uje. Tunaanza mdako, kokoto unazo?"

"Nitaziokota."

Ukuti ukabadilisha mkono. Miguu midogo ilikimbia ikapotea. Mwalimu alisikiliza mpaka masikio yakamuuma. Ngoma zilikuwa zimepungua kasi, wanawake wanahema, na kati ya mdundo na mdundo aliweza kusikia kokoto zikikombwa mahali fulani nyuma yake, na vicheko, na tena kokoto.

Kisha zikazuka kelele.

"Umeiba. Umekomba mara mbili, rudia."

"Sijaiba."

"Umeiba, nimekuona. Zuena, si ameiba?"

"Sirudii. Wewe mwenyewe uliguza ndimu na kidevu, nikanyamaza. Sirudii ng'o."

Hiyo sauti ya kukataa ilikuwa ya mwanawe. Mtoto ambaye mwaka mzima hakuwahi kumpandishia mtu sauti alikuwa anagombana, tena kwa Kiswahili cha Mtoni chenyewe, kilichokunjamana, bila kufikiri kwanza. "Uliguza" alitakiwa aseme "uligusa". Mwalimu aliliacha lipite. Machozi yalimshuka pamoja na jasho, na kwa kuwa alikatazwa kuinua mkono hakuyafuta.

Ngoma ya mwisho ikanyamaza. Bi. Mwanabaraka, pumzi juu juu, aliinama karibu na kanga.

"Haya, mwalimu. Tumekumaliza. Inuka, ukavae viatu."

Mwalimu hakusogea.

"Mama," alisema kutoka ndani, kwa sauti ya chini, "nakuombeni, bado kidogo."

Bi. Mwanabaraka aligeuka akatazama kule zilikokuwa zikitoka kelele za mdako. Halafu akawaambia wapiga ngoma waanze upya.